Bastola Chini ya Kiti

2 Machi

Mwanangu Pilipili,

Salamu nyingi kwako na kwa mkeo. Mimi sijambo isipokuwa macho, ndiyo maana herufi zangu zimekuwa kubwa kama za mtoto wa chekechea.

Daktari amenipangia kutolewa mtoto wa jicho tarehe ishirini na nane. Nikichelewa, nitapofuka kabisa. Asante kwa kutaka kunifuata. Lakini mkeo ameniambia bado unatembea na bastola chini ya kiti cha dereva. Sheria mpya nimeisikia redioni: kwenye gari la mtu binafsi silaha ikae ndani ya buti, kwenye kasha lenye kufuli, risasi zimetolewa. Mimi gari lile silipandi mpaka uitii. Bora niwe kipofu.

Mama yako

7 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na macho. Sisi wazima.

Mama, kibali ninacho. Umesahau majambazi walivyonipora mauzo ya duka na kunivunja mkono? Wakirudi niwaambieje? "Ndugu zangu, vuteni subira nifungue buti"? Sheria hiyo imetungwa na watu wenye walinzi. Na upofu si jambo la mzaha. Nakuja kukuchukua, basi.

Mwanao

11 Machi

Marahaba mwanangu. Huku kwema.

Majambazi hata mimi nawaogopa. Lakini wao ulikutana nao mara moja, hasira zako unalala nazo. Nani alimpasulia jirani kioo kwa sababu ameegesha vibaya? Nimekuzaa, nakujua. Hasira zako ni moto wa mabua, hazina pumzi ya kufika kwenye buti. Ndiyo maana bastola naitaka huko. La sivyo usije, nitabaki na giza langu.

Mama yako

22 Machi

Shikamoo Mama,

U hali gani? Mimi mzima, na leo nalisema neno hilo kwa shukrani.

Nilikutii, shingo upande. Bastola nikaifungia kwenye kasha ndani ya buti, juu yake nikaweka mto niliokununulia wa kuegemea njiani. Juzi, kituo cha mafuta, mtu akanigonga nyuma, taa ikavunjika. Nikamtukana, akanijibu. Mama, mkono wangu ulikwenda wenyewe chini ya kiti. Hakukuwa na kitu.

Nikashuka, nikafungua buti, mto nikaubana kwapani, nahangaika na funguo za kasha. Nikamsikia nyuma yangu: "Kaka, samahani, kosa ni langu. Unatafuta jeki? Lete huo mto nikushikie."

Akaupokea. Akasimama ameukumbatia mto wako, ananisubiri.

Nikafunga buti, nikalia mbele ya watu. Yeye akadhani nalilia taa, akaniachia namba yake ya simu ili ailipe.

Bastola nimeikabidhi polisi pamoja na kibali. Woga wa majambazi bado ninao, sitakudanganya. Lakini sitaibeba tena. Tarehe ishirini na saba asubuhi nitakuwa mlangoni kwako.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo kabisa. Umeona herufi zangu zilivyopungua?

Asante kwa kunipeleka na kunirudisha. Mto ninaukalia hapa nilipo. Ile taa inunue mwenyewe, usimdai mtu. Ila mpigie simu yule aliyekushikia mto, mwambie mama yako anamsalimu sana.

Usimwambie kwa nini.

Mama yako