Jina ambalo sijaliandika

Misungwi, Jumanne, 14 Machi 1995

Miguu inaniuma, na bado nina hasira na Milembe ingawa hajanikosea kitu.

Leo amekuja kliniki kwa mara ya kwanza, na mimba ina miezi sita. Nilimpa vidonge vya foliki huku nikimfokea mbele ya wenzake: uti wa mgongo wa mtoto hujengwa wiki za mwanzo kabisa, angetakiwa kuvianza hata kabla ya kushika mimba.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Sasa nesi, mimba changa unaitangazaje? Watu si wazuri. Hata mama mkwe nimemwambia juzi, tumbo lilipokataa kufichika."

Benchi zima likaitikia kwa vichwa. Nikasema huo ni ushirikina, nikamwita anayefuata.

Nimechoka kurudia maneno hayo kila Jumanne. Ila kilichonichosha leo...

Mimi mwenyewe nina mimba, wiki ya tisa. Sijamwambia mtu, hata mume wangu. Ile ya mwaka juzi niliitangaza mapema, ikatoka, na maneno ya majirani sijayasahau. Kopo la foliki liko kabatini na ufunguo ninao mimi. Lakini kila anayepewa huandikwa daftarini, na daftari wenzangu wote hulisoma. Zile wiki za mwanzo nilizomtajia Milembe nikimfokea, kwangu nazo zimeshapita.

Jioni, wenzangu walipoondoka, nililifungua daftari. Chini ya jina la Milembe nikaandika tarehe ya leo na idadi ya vidonge. Kwenye jina nikaacha wazi.