Ukurasa wa Baba

Chumba cha juu, dukani kwa mchapaji,
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Natumaini mgongo umeacha kukusumbua, na kwamba wifi na watoto ni wazima. Sisi hatujambo. Mama goti linamtesa, ila ulimi haujapata ugonjwa wowote.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei. Najua ni wewe unayechezea ukurasa wa Baba kwenye ile ensaiklopidia ya mtandaoni inayoandikwa na kila mtu. Eti umejiita Mpenda Ukweli. Nilicheka mpaka mteja akaacha kuhesabu kadi zake za harusi. Nani mwingine angemwita "mnyenyekevu mno" nabii aliyepigiwa magoti na mke wake mwenyewe?

Ulipoandika kwamba aliponya viwete, nilikuachia. Lakini mwezi uliopita ulifuta sentensi moja: kwamba kitinda mimba wake alikufa kwa homa akiwa na miaka sita, kwa kuwa Baba alikataza hospitali. Ukaeleza kuwa ni uzushi wa maadui. Ni Kasuku wetu huyo, tuliyempa jina hilo kwa maneno yake mengi, mdogo wangu. Wewe ndiye uliyemshika miguu alipokuwa akitetemeka. Huna haya hata kidogo.

Nilirudisha, ukafuta, nikarudisha. Mwishowe nikatusemea sote wawili. Kule ndugu wa mtu hawatakiwi kuandika habari zake, basi nikawaambia wasimamizi wazi kwamba mimi ni binti na wewe ni mwana. Sote tumefungiwa kuuhariri ukurasa huo. Nuna utakavyo.

Kazi ikachukuliwa na mhariri mmoja asiyetujua, fundi wa lifti kwa maelezo yake. Alifagia viwete wako wote. Akafagia na matusi yangu, maana na mimi nilikuwa nimemwita Baba muuaji. Halafu akamwondoa Kasuku pia, kwa kukosa chanzo. Nilipolalamika alinijibu, "Mimi sina baba hapa. Nionyeshe kilichochapishwa."

Usiku ule nililia. Gazeti gani lingehangaika na mtoto wa miaka sita?

Kisha nikakumbuka kile kijitabu cha kuadhimisha miaka ishirini ya kanisa la Baba. Uliandika humo, kwa majigambo, jinsi nyumba yetu ilivyokataa dawa mpaka mtoto akakata roho, na Baba asitoe hata chozi. Uliiita imani. Nilimtumia fundi picha za kurasa zake, akakisoma chote. Sentensi imerudi, na chini yake kuna jina lako kamili, maana chanzo ni wewe.

Mama aliniomba nimsomee ukurasa mzima. Nilimsomea mpaka nilipofika kwenye jina lako. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia.

Nisalimie wifi, nibusie watoto. Shangazi na yule binamu fundi viatu wanakusalimu sana. Mungu akujalie umri mrefu na macho mazima, uwe unausoma ukurasa huo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bado.

Mama nilimuuliza kama ana salamu zako. Amesema hana.