Mmea wa Ndambuki

Ngoingwa, Thika
Agosti 1996

Mpendwa wifi Mwongeli,

Pokea salamu zangu na za watoto. Hatujambo, ila baridi ya mwaka huu imetubana kweli. Je, mgongo umeacha kukusumbua huko Ruiru?

Nimepata ujumbe wako kwamba unakuja Jumapili baada ya kanisa, ukate kipande cha ule mmea wa majini wa marehemu kaka yako Ndambuki, ukakiweke kwako. Ndiyo sababu naandika kabla hujafika.

Unakumbuka alivyoutunza. Aliufunga juu ya jiwe kwa uzi mweusi wa cherehani yangu, akaukata uzi kwa meno, akauzamisha kwenye tangi la samaki. Nilipomwuliza utakula nini juu ya jiwe, alinicheka, akasema huo hautaki mbolea wala jua kali, unataka kuachwa tu.

Baada ya mazishi sikuweza kuuacha. Niliona majani yametoa madoa meusi na vinyweleo, nikadhani ni ugonjwa kama wa kahawa, nikayakata nikayatupa. Kisha nikafungua uzi, nikalifukia shina lote kwenye changarawe na kulishindilia, kama tunavyofanya shambani. Likaoza.

Wifi, neno hili ni gumu. Ule mmea uliousifu siku ya ibada ya ukumbusho, ukaweka kiganja kwenye kioo ukalia, ukisema kazi ya mikono ya kaka yako bado inaishi, ulikuwa wa plastiki. Niliununua mjini ili wageni wasione nilichofanya. Nilikushika bega nikaitikia amina. Tangu siku hiyo nikilisha samaki nageuza uso.

Juzi Boaz, yule fundi redio wa Kiuu aliyekuwa rafiki yake, alikuja kutuona. Alipochungulia tangini alicheka, akaniuliza kama siku hizi mimi Mama Muoki ninafuga plastiki. Nilipomweleza, alishika kichwa. Akasema yale madoa yalikuwa watoto, kwamba mmea ule huzaa kwenye majani, na shina lake halifukiwi kamwe. Kumbe mimi mkulima niliuzika ungali mzima.

Jana alirudi na kipande cha mmea uleule. Zamani kaka yako alimgawia, na kwake umestawi. Alinishauri nikitie tangini kimya kimya, wewe hutajua. Nusura nikubali.

Anayekuletea barua hii ndiye Boaz, na kipande chote kimo kwenye gazeti lililoloweshwa alilolibeba. Hicho kimetoka kwa mkono wa Ndambuki kweli. Nimekuwekea na uzi. Kifunge juu ya jiwe, shina likae wazi, na ukiona madoa usiyaguse.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Jumapili nitapika chai, kama bado utapenda kuja. Ile plastiki nimeitoa. Tangi utalikuta na samaki tu.

Ni mimi, mke wa kaka yako,
Mutheu