Mushituni Hawaiti Mtu Jina

Papa Ngalula, mume wangu,

Leo nimepika bukari, ugali wetu ule, nikajikuta nimetenga na sahani yako. Mtoto wetu Ngalula akaniangalia tu. Jana nimepata habari yako, ndiyo maana nakuandikia, ingawa hakuna wa kuibeba barua hii.

Unakumbuka Kundelungu? Kiwanda cha Shituru kilikuwa bado kinafuka moshi, na kamio, lori la kazini, likatubeba hadi kwenye mbuga ya wanyama. Njia nzima ulijisifu: "Miye niko muntu ya moto, mulima itanifanya nini?" Tulipoanza kuteremka kwa miguu kwenda maporomoko ya Lofoi, wa kwanza kuvua viatu na kukaa juu ya jiwe alikuwa nani? Nilikucheka mpaka mbavu zikaniuma. Nikasema sisi Wasanga tumezaliwa na miguu, ninyi watu wa Kasai mmezaliwa na mdomo. Pundamilia walisimama wakatutazama, ukadai wanakuonea huruma. Loo, mume wangu!

Kule chini, kwenye mushitu, ule msitu mzito wa kando ya maji, ulitaka kuniita, mlinzi wa mbuga akakukataza. "Mu mushitu habaitake muntu jina," alisema. "Jina ikisikiwa, itabakia humu, na mwenyewe harudi." Akatuambia tuchague mwito wetu. Ukachagua "Huu-wee!", sauti mbaya kama ya mbuzi mwenye homa. Nikaitikia vilevile. Ndege wa mabawa mekundu wakaruka juu ya miti, nasi tukaenda hivyo, huu-wee, huu-wee, mpaka ngurumo ya maji ikatushinda. Nilikuwa na furaha siku ile. Sijui kama niliwahi kukuambia.

Kisha mambo yakaharibika. Kiwanda kikanyamaza, mishahara ikakatika, watu wakatafuta wa kumlaumu. Vijana tuliowajua tangu wakinyonya wakaja mlangoni, wakasema watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Si ulizaliwa hapahapa Likasi? Mkalala kwenye gare, stesheni ya treni, wewe na umati wa wenzako, mkingoja kusafirishwa. Ngalula alikuwa na surua, hakuweza safari. Ukaniambia, "Bakia na mutoto. Akipona, mutanifuata."

Siku ya treni sikukuona. Watu walijaa hadi juu ya mabehewa. Kutaja jina la Kasai pale, mbele ya vijana wenye marungu, ilikuwa kujitafutia kipigo. Basi nikaweka mikono mdomoni: Huu-wee! Ukaitikia kutoka katikati ya mabehewa. Nikaita tena, ukaitikia tena, treni ikaondoka nawe.

Jana amekuja mama mmoja aliyesafiri na treni ile, amerudi kuwatafuta wanawe. Alisimulia njaa, kiu na wagonjwa. Halafu akacheka kidogo, akasema behewani mwao alikuwamo mwanaume mmoja, kila kituo anatoa kichwa nje na kupiga kelele ya ajabu kama mbuzi. Watoto wakawa wanamwiga. Kabla ya kufika Kamina alinyamaza. Walimzika kando ya reli.

"Hatukujua jina yake, mama," akasema. "Batu bote balikuwa banamwita Huu-wee."

Nilimpa maji, akanywa, akaenda zake. Sikumwambia. Nimelia leo, mbele ya sahani yako, nimelia mpaka bukari ikapoa. Inaniuma, Papa Ngalula. Wamekufukia kama mtu asiye na watu, na watu unao.

Yule mlinzi alisema jina likisikiwa, mwenyewe harudi. Mimi sikulitaja, na hukurudi. Basi nimetoka nje, nimesimama mlangoni mchana kweupe, majirani wote wasikie, na wale vijana pia kama wapo: Kabeya! Kabeya! Kabeya!

Ngalula akatoka ndani. Alidhani nimechanganyikiwa. Kisha akanishika mkono, akaita na yeye.

Lala, mume wangu. Tumekwisha kukutaja.

Ni mimi bibi yako, mama yake Ngalula.