Aliyesimama Kando ya Kitanda

Mjukuu wangu Zaituni,

Rehema za Mwenyezi Mungu zikufikie huko Bukavu. Sisi wa Kasongo tu wazima, twamshukuru Mola. Mihogo imekomaa, na baba yako ameezeka nyumba upya.

Umeniuliza, wewe muuguzi, kwa nini wagonjwa hawataji dawa wanazokunywa nyumbani. Nilipokuwa kijana nilimleta hospitalini mama mzazi wa marehemu bibi yako, kwa baiskeli, kutoka Wamaza. Muuguzi, mama mtu mzima, alishika vidonge mkononi akamuuliza: "Mama, kule nyumbani ulikunywa dawa gani?"

"Hakuna," akajibu, macho chini.

Muuguzi akanigeukia. "Na weye ni nani wake?"

"Mimi mkwe wake."

"Aa! Mkwe anasimama hapa, mama atasema nini? Toka inje, baba!"

Nikatoka. Aliponiita, fundo la kitenge cha mama lilikuwa limefunguliwa kitandani: mizizi, na vidonge vya presha vilevile ambavyo muuguzi alitaka kumpa. Mama alikwisha kuvimeza asubuhi.

"Ningemupa na hivi tena, angeanguka asiinuke," akasema, akivirudisha vyake chupani.

Basi kabla ya kuuliza, mjukuu wangu, mtazame kwanza aliyesimama kando ya kitanda.

Sasa nami nanywa vidonge vya hospitali, na majani pia. Anayeniuguza ni mkwe wangu, mama yako. Huniuliza kwa adabu, nami humjibu, "Hakuna." Kwa mjukuu sina haya. Njoo, Zaituni, uniulize wewe.

Babu yako