Kwa Baba Aliyenitoa kwa Nyani

Same, Jumapili mchana

Baba,

Wiki ya sita inaisha tangu tukuzike, na mpaka leo nikisikia basi la kutoka Gonja linaingia stendi natazama dirishani. Ulikuwa unashuka wa mwisho, kikapu mkononi, baada ya wenzako wote kutangulia. Nimekaa kwenye meza ya walimu, shule iko kimya, hakuna wa kunisumbua. Nimeona nikuandikie. Kuna mambo nilipaswa kukuambia ukiwa hai, na mengine yametokea baada yako, na hakuna mwingine ninayetaka ayasikie kwanza.

Nianze na maziko. Mchungaji alipomaliza, mzee wa ukoo wenu akasema watoto wa marehemu wasogee watie udongo. Nilibaki nilipo. Nilijua anachofikiri, kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiri hicho hicho: Zefania hakuacha mtoto. Akarudia kuita. Watu wakatazamana. Ndipo Mama akainuka kwenye mkeka, akanishika mkono mbele ya wote, akasema, "Mtoto ni huyu. Anayepinga aseme sasa, nikiwa bado nimesimama." Nikachota udongo. Ulikuwa na unyevu, na nusu yake ikaniangukia miguuni.

Baada ya chakula, jamaa zako waliotoka mbali waliniuliza ilikuwaje ukanilea. Niliwajibu kwa kifupi. Lakini Baba, hata wewe uliijua habari yangu kuanzia siku uliponiona tu. Ya nyuma hukuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kukusimulia.

Baba yangu mzazi alikuwa manamba kwenye shamba la mkonge huku bondeni. Alitoka mbali, upande wa Tabora, akamwoa mama aliyenizaa hapo hapo kambini, naye akafa akijifungua mdogo wangu, wote wawili siku moja. Mwaka bendera mpya ilipopandishwa, baba alinibeba mabegani kwenda kuitazama. Mwaka uliofuata homa ikamchukua kwa siku tatu. Nilikuwa na miaka saba, labda minane. Majirani wa kambini walinilisha kwa zamu, kisha nikawasikia wakipanga kunipeleka Tanga nikawe mtumishi kwa watu wasionijua. Asubuhi waliyosema gari litakuja, nilitoka kama naenda chooni, nikaufuata mlima.

Watu husema niliishi na nyani kwa sababu niliwapenda. Si kweli. Niliwafuata kwa sababu walijua pa kupata chakula. Nilikuwa nimelala njaa siku mbili chini ya genge la mawe pale juu ya Maore, nao walikuwa wanashuka kutoka kwenye genge lile lile kila kunapokucha. Walipokula ukwaju, nikala ukwaju. Walipokula kuyu, nikala kuyu zilizodondoka. Walipochimba mizizi, nilisubiri waondoke, nikachimba mashimo yao. Madume waliniogopesha kwa meno yao, nami nikajifunza kutowatazama machoni na kutokimbia.

Kulikuwa na jike mzee, sikio lake la kushoto limechanika. Nadhani mtoto wake alikuwa amekufa, maana siku za kwanza nilimwona akiburuta kitu kikavu, asikiache. Siku moja alikitupa. Baada ya hapo akawa anakaa karibu na mimi. Nilikuwa nimeinamisha kichwa magotini, nikasikia vidole kwenye nywele zangu. Alikuwa ananitafuta chawa. Baba, tangu mama afe hakuna aliyekuwa amenigusa kichwa. Nililia bila sauti nisije nikamfukuza. Nilimwita Bibi.

Mara moja chui alipita. Nyani walipiga kelele, madume wakatoka mbele, majike na watoto wakajibana kwenye mwamba, na mimi nilikuwa katikati yao. Sijui kama walikuwa wananilinda au nilijikuta tu niko pale. Nikiwa mtoto niliamini wananilinda. Bado naamini kidogo.

Kuanzia hapo ndipo unapopajua. Uliona nyayo za mtoto kati ya nyayo za nyani, wakati ukikagua mpaka wa msitu wa serikali. Mlinzi mwingine angeita watu na mbwa. Wewe ulileta kiazi kitamu cha kuchoma, ukakiweka juu ya jiwe, ukaondoka. Nyani wakakila. Kesho yake ukaleta viwili, ukakaa mbali, ukimenya cha kwako polepole na kuzungumza peke yako, kwanza Chasu, lugha ya Wapare, kisha Kiswahili. Ulikuwa unasimulia habari za mbuzi wako na mgomba ulioangushwa na upepo. Ulikuja siku nyingi. Sikumbuki hata mara moja ulipopiga hatua kunifuata.

Kisha mvua ikanyesha siku mbili, nikashikwa na baridi, kifua kikabana. Ulipokuja, niliondoka kwenye mwamba nikakushika pindo la koti. Ukalivua ukanifunika, ukanibeba mgongoni kupanda ule mlima wote. Nyumbani Mama alikuwa na makande jikoni. Hukuniuliza jina mpaka niliposhiba. Nikasema naitwa Tabu. Mama akasema jina hilo ni zito kwa mtoto, anipe lingine, nawe ukamjibu kwamba jina alilopewa na baba yake halibadilishwi. Shuleni ndipo mlipoongeza Zefania baada yake, kwa kuwa mwalimu alitaka majina mawili.

Watoto waliniita mtoto wa nyani. Nilikuja nikilia, na baba mmoja jirani akacheka. Ulimwambia kwa upole kabisa, "Nyani walimlisha. Wewe ulimlisha nini?" Hakucheka tena.

Sasa nafika mahali pagumu.

Nilikuwa darasa la saba tulipohamishiwa kijiji kipya. Tuliacha migomba ya Mama kule juu, tukajenga kwenye mistari iliyopimwa, na shamba la kijiji likalimwa chini ya genge lile lile. Watu walilima kwa msaragambo, baragumu ikipigwa kila nyumba inatoa mtu, na mahindi yakakubali. Yalipoanza kubeba, nyani wakaja. Tulilinda kwa zamu, tukapiga madebe, wapi. Wakavunja robo ya shamba. Mkutano ukaamua wasakwe pale wanapolala, alfajiri, kabla hawajashuka. Na aliyejua njia ya juu ya genge alikuwa mmoja.

Nilikupigia magoti jikoni, Baba. Nilikuomba useme huijui njia, au mguu unauma. Uliniinua, ukanikalisha kwenye kigoda. Kisha ukasema, "Nyumba zote zinakula shamba lile, mwanangu. Na wewe unakula." Ukaenda.

Ulirudi jua likiwa limepanda. Sikukuuliza kitu. Ungeweza kunyamaza. Ungeweza kusema hukumwona, nami ningekuamini maisha yangu yote. Ulisimama mlangoni, kofia mkononi, ukasema, "Alikuwepo, yule wa sikio. Nilichelewa kuwazuia."

Sikukuita Baba tena. Kwa miaka mitatu nilikuita Bwana Zefania, mbele ya wageni na mbele ya Mama. Nilipofaulu kwenda sekondari nilimwambia karani aandike Tabu Saidi, jina la baba yangu mzazi, na barua ya shule ilipofika nyumbani ikiwa na jina hilo, Mama alikusomea mwenyewe, kwa kuwa wewe ulikuwa hujui kusoma. Aliniambia baadaye kwamba ulisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Ni haki yake," ukaenda kukata majani ya mbuzi. Hukuacha kuja kuniona shuleni. Ulitembea mpaka barabarani, ukapanda basi, ukaniletea maparachichi na ndizi, ukaniuliza kama nasoma vizuri, ukaondoka. Nilipokea kikapu na kusema asante, kama ninavyomshukuru mtu wa posta. Nikikumbuka hilo naumia kuliko ninavyoumia kwa siku ya maziko.

Likizo ile ya kisomo cha watu wazima ndiyo ilitusaidia. Mwalimu wa kijiji alikuwa peke yake na wazee arobaini, akaniomba nimsaidie darasa la jioni. Siku ya kwanza nilikuona umekaa benchi la nyuma, na kibao chako mapajani, magoti yamepanda juu kwa sababu benchi lilikuwa la watoto. Hukunitazama. Wiki nzima ulichora herufi zako kimya kimya. Kisha likaja zoezi la kuandika majina ya watu wa nyumba yako. Nilipita nyuma ya benchi. Ulikuwa umeandika jina la Mama, Nakunda. Chini yake umeandika Tabu. Halafu chaki imesimama hewani. Hukujua uandike jina gani baada yake, nawe hukutaka kuniibia.

Wazee wengine walikuwa wananiita. Nikasema, "Malizia, Baba. Andika na jina lako."

Hukugeuka. Uliandika Zefania, ukaruka herufi moja, nami nikakushika mkono tukaiongeza. Ukaniuliza kama sasa iko sawa. Nikasema iko sawa.

Hatukuzungumza tena habari za genge. Ndilo jambo nililotaka kukuambia, nikawa naliahirisha kila likizo. Nilifikiri muda upo. Nilipoletewa habari na utingo wa basi kwamba kifua kimekuzidi, niliacha daftari za watoto mezani nikapanda gari la kwanza, nikafika umeshafumbwa macho. Mama alisema uliuliza kama leo ni siku ya shule. Akajibu ndiyo. Ukasema basi nisisumbuliwe.

Sikiliza, basi, nikuambie sasa. Sisemi ulifanya sawa. Nimefikiri miaka mingi na bado siwezi kusema hivyo. Lakini mwaka ule nilikula ugali wa mahindi ya shamba lile, nikashiba, na wewe ulibeba peke yako kitu tulichokula wote. Nilikuhukumu kama vile mimi sikuwa na sahani. Hilo nilikosa. Nisamehe.

Habari za nyumbani ni hizi. Mama hajambo, ila amepungua. Nilitaka kumleta hapa mjini, akakataa, akasema nani atawasha moto kwako. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Koti lako amelifua na kulikunja, hataki ligawiwe, na ukoo umemwachia. Walimweka kijana mwingine kulinda msitu, mwenye viatu vizuri na haraka nyingi. Nyani wako tena kwenye genge. Niliwaona nikishuka baada ya arobaini yako, kundi dogo, wengi wao vijana. Nilisimama barabarani nikawatazama mpaka dereva akapiga honi. Hawakunijua, bila shaka. Safari hii kijiji kimekubaliana kupanda mihogo mbali na genge na kuacha ukanda wa katikati bila kulimwa. Mwenyekiti alisimama mkutanoni akasema wazo hilo lilikuwa lako, ulilitoa zamani halikusikilizwa. Sikulijua. Mama alilijua.

Na mimi nimeomba uhamisho kwenda shule ya kijiji chetu. Barua ya kukubaliwa imekuja juzi. Sasa watoto wote wanatakiwa waandikishwe, na kule mwalimu bado ni mmoja na msaidizi wake. Mume wangu ametangulia kukarabati paa la nyumba kabla vuli haijashika. Nitakaa na Mama. Nitachanja kuni nikiweza, nisipoweza atachanja mume wangu, maana Baba, nina mimba ya miezi mitano. Ulikuwa hujui. Nilikuwa nakuja kukuambia mwisho wa mwezi.

Nakuahidi kitu kimoja juu ya mtoto huyu. Sitamsimulia hadithi iliyokatwa. Akiuliza watu wake ni akina nani, nitamwambia juu ya manamba wa Tabora aliyembeba binti yake kwenda kutazama bendera, na juu ya jike la nyani lililotafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto wa wengine. Nitamwambia kwamba babu yake ndiye aliyewaonyesha watu njia, akarudi, akasimama mlangoni, akasema kweli. Akishaelewa mwenyewe aamue akupende vipi. Nadhani atafika haraka kuliko nilivyofika mimi.

Wingu limetanda upande wa kilele cha Shengena na harufu ya mvua imefika hapa mezani. Wiki ijayo tunafunga shule, na siku ya pili yake nafunga mizigo. Pumzika sasa, Baba yangu. Moto wa Mama tutauwasha wawili.

Mwanao,
Tabu