Kishimo Nilichokiona Mwezini

Njoro, Desemba 1956

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wote hapo Maragoli. Mgongo umetulia? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa au bado anatuchezea? Huku mvua imetuachia na ngano imekauka vizuri.

Sasa keti nikwambie. Najua hujalala vizuri tangu usikie makapi ya ngano yaliniingia jicho la kushoto. Dada aliniandikia kwamba umeteremsha darini fimbo ya marehemu baba, ile uliyomwongozea alipopofuka. Mama, habari hiyo iliniuma kuliko jicho lenyewe.

Dresa wa zahanati aliponifungua bendeji, nilimwambia Bwana, yule Mzungu mwenye shamba, kwamba naona, nirudi kuendesha kombaini ya kuvunia ngano. Akakataa. Alisema kila dereva huapa anaona mpaka atumbukize mashine mtaroni. Nikaogopa kweli, maana nikishushwa kwenye kombaini, nitarudi nyumbani nikuongezee mzigo.

Jioni akaniita barazani, jua halijazama na mwezi wa nusu uko juu. Bwana ana darubini ya kutazamia mwezi. Mpishi husema ndiyo bibi yake. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Funga macho ya kulia. Sasa wewe naona nini?"

Mwanzo niliona ukungu tu. Kumbe ni machozi. Nikapangusa, nikatazama tena. Mwezi una mashimo, Mama, kama lile la mlima Menengai hapa karibu. Nikamtajia moja kubwa, akatikisa kichwa, maana hilo mtu angeweza kubahatisha. Ndipo nikaona kishimo kingine kando yake, kidogo sana, kama alama ya kidole kwenye ugali, nusu yake kivuli, na kukizunguka udongo mweupe kama unga uliomwagika. Hicho hakuna aliyekuwa ameniambia. Nikamweleza hivyo hivyo. Akainama akachungulia mwenyewe, akasema ni jiwe lililoanguka pale likarusha udongo pande zote. Kisha akasema, "Kesho wewe naanza shamba ya juu."

Nilishuka ngazi za baraza nikicheka peke yangu kama mlevi. Tangu hapo navuna, na miwani ya vumbi siivui.

Nisalimie mke wangu, mwambie Krismasi nitafika. Msalimie dada, na mwalimu wa kanisa anayekusomea barua hii. Hapa chini asome polepole.

Fimbo hiyo, Mama, usiirudishe darini. Wape watoto wa dada wachungie mbuzi.

Mwanao anayeona,
Yohana